Chombo cha akiba cha kujazia akwariamu: kipi ninunue hapa Nairobi?

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: nunua ndoo ya lita 20 iliyokuwa na chakula, yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Kama unafuga samaki wa baharini na tangi lako lina sampu, yaani tangi la pili la kuchujia maji, chini kabatini, peleka vipimo kwa fundi wa vioo akuundie kisanduku cha kioo. Vyombo vingine nitakavyovitaja vina mahali pake, ila hivi viwili ndivyo ningemnunulia dada yangu kwa pesa zangu. Yanayofuata ni sababu zake, maana ukifika Gikomba au Kamukunji utakutana na vyombo ambavyo sikuviandika hapa, na itabidi uamue papo hapo.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya chombo chenyewe. Kila akwariamu hupoteza maji hewani usiku na mchana. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi, chokaa na madini mengine yaliyoyeyuka hubaki nyuma. Samaki wa baharini huishi kwenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, kwa hiyo usipoongeza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kiwango hicho hupanda kila siku. Kwenye tangi la maji baridi ni ugumu wa maji unaopanda, polepole, mpaka siku unajiuliza kwa nini kioo kina ukoko mweupe juu. Ndiyo maana tunaweka boya au sensa ya kuona maji yameshuka: pampu ndogo inavuta kidogo kutoka kwenye chombo cha akiba, maji yanarudi usawa wake, pampu inazima.

Watu hulipa pesa nzuri kwa sensa na pampu, halafu chombo kinakuwa chochote kilichokuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nimefuga samaki kwenye nyumba ya kupanga hapa Nairobi kwa miaka 9, na hasara mbili kubwa nilizopata zote zilianzia kwenye chombo hicho. Nitazieleza zote mbili.

Pima kabla hujatoa pesa

Asubuhi ya Jumapili bandika kipande cha selotepu kwenye kioo, ukingo wake ukiwa sawasawa na uso wa maji. Usiongeze hata tone kwa siku saba. Jumapili inayofuata chukua rula upime maji yameshuka kiasi gani. Zidisha urefu wa tangi kwa upana wake kwa sentimita, zidisha tena kwa sentimita zilizoshuka, kisha gawanya kwa 1,000. Hizo ni lita zako za wiki.

Tangi langu la maji baridi lina urefu wa sentimita 90 na upana wa 40. Wiki moja ya Februari, jua likiwaka na dirisha liko wazi kutwa, lilishuka sentimita 3 na nusu. Hesabu inatoa lita 12.6 kwa wiki, yaani lita 1.8 kwa siku. Nikitaka siku kumi bila kuligusa, nahitaji lita 18.

Mwenye sampu asipime kwenye tangi la juu, kwa sababu pale maji hayashuki. Yanayoshuka ni ya chumba cha pampu ndani ya sampu. Njia rahisi kwake ni kuweka alama kwenye chumba hicho, kisha kila asubuhi kurudisha maji kwenye alama kwa jagi lenye vipimo huku akiandika. Siku nne au tano zinatosha kuonyesha mwenendo.

Kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Julai, baridi ya Nairobi ikibana, mtu hudhani maji hayapungui. Lakini hita inashikilia maji kwenye nyuzi 25 wakati sebule iko nyuzi 17 au 18, na hewa ya baridi hubeba mvuke mdogo, kwa hiyo maji yanaendelea kupaa. Shika kifuniko cha kioo asubuhi ya Julai uone matone yanavyotiririka upande wa ndani. Tangi lisilo na kifuniko halipumziki mwezi wowote wa mwaka. Ukipima Februari, pima tena Julai, kisha chukua namba iliyo kubwa.

Hesabu ya pili, ambayo ni muhimu zaidi

Baada ya kujua chombo kidogo kabisa unachohitaji, tafuta kikubwa kabisa unachoweza kuvumilia. Swali ni moja: boya likikwama na maji yote ya chombo yakaingia kwenye tangi kwa mkupuo mmoja, nini kitatokea?

Mimi nililijibu swali hili kwa njia mbaya. Desemba moja nilinunua pipa la lita 60 ili niende ushago Krismasi bila wasiwasi. Mfumo wangu wa bahari una lita 180 hivi, tangi na sampu pamoja. Siku ya tatu jirani wa gorofa ya chini akanipigia simu: maji yalikuwa yanadondoka kwenye dari la jikoni kwake. Mlinzi wa ploti alizima stima ya nyumba yangu kutoka kwenye mita. Niliporudi nilimkuta konokono mdogo, hata kucha ya kidole kidogo inamzidi, amejibana kati ya boya na fimbo yake. Boya lilikuwa limeshikwa chini, na pampu iliendelea kuvuta kama iliyoambiwa tangi limekauka.

Hesabu yake ni hii. Lita 180 zenye gramu 35 za chumvi kwa lita, ukizitia lita 60 za maji baridi, chumvi inashuka hadi gramu 26 na kidogo, hata kabla ya kuhesabu yaliyomwagika sakafuni na kuondoka na chumvi yake. Kamba wangu watatu walikufa wote, na matumbawe mengi yakafa baada yao ndani ya wiki mbili. Samaki walipona, kwa kuwa samaki huvumilia mshuko huo kuliko wanyama wasio na uti wa mgongo. Laiti chombo kingekuwa cha lita 18, chumvi ingeshuka hadi karibu 32. Wangesumbuka, lakini ningewakuta hai.

Tangu siku hiyo kanuni yangu kwa mfumo wa bahari ni kwamba chombo cha akiba kisizidi sehemu moja ya kumi ya maji yote. Kwa maji baridi unaweza kulegeza kidogo, kwa sababu hakuna chumvi ya kuanguka, lakini sakafu ni ileile na jirani ni yuleyule. Tena nafasi tupu iliyopo kwenye tangi au sampu lazima itoshe kupokea maji yote ya chombo. Mwenye sampu akumbuke kwamba stima ikipotea, maji ya tangi la juu huteremka na kuchukua sehemu ya nafasi hiyo.

Mambo ya kukagua, chombo kiwe kipi

Geuza chombo utazame chini. Utaona pembetatu yenye namba. Namba 2 na 5 ndizo ninazozitafuta. Ni plastiki ngumu zinazotumika sana kwa vyakula, na hazilainiki ovyo. Alama ya glasi na uma inamaanisha imetengenezwa kwa ajili ya chakula. Halafu nusa. Funika chombo dakika tano juani, fungua, weka pua. Harufu ya rangi, dawa ya kufulia au petroli ikikufikia, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei.

Chuma kisiguse maji haya. Hii ndiyo hasara yangu ya pili. Nilimwomba fundi wa bomba aniwekee koki chini ya chombo ili iwe rahisi kumwaga, naye akaweka ya shaba, nzuri inayong'aa. Ndani ya mwezi mmoja kamba wa maji baridi walianza kufa mmoja mmoja, konokono wakajifungia ndani ya magamba. Shaba hutoka kidogo kidogo, na maji yanavyopaa yenyewe inabaki na kujikusanya. Samaki hawakuonyesha dalili, ndiyo maana nilichelewa kuelewa. Koki iwe ya plastiki. Boya la choo lenye mkono wa shaba halifai. Ndoo ya bati nayo haifai, kwa sababu imepakwa zinki.

Kifuniko ni lazima, na kibane. Ndoo ya maji yaliyotulia bila kifuniko hapa Nairobi ni mahali pa mbu kutaga, na wiki moja hadi mbili zinatosha yai kuwa mbu. Lakini usizibe kabisa: pampu inapovuta maji lazima hewa iingie, la sivyo chombo kinajivuta ndani na pampu inachoka. Toboa tundu dogo la hewa, ulizibe kwa kipande cha soksi nyembamba au neti.

Mwanga huleta ukijani. Chombo cheupe kinachopitisha mwanga kinafaa ndani ya kabati lenye giza, kwa kuwa unaona maji yamebaki kiasi gani. Kikikaa mahali penye mwanga, kizungushie selotepu nyeusi na uache mstari mwembamba wa wima wa kuchungulia.

Na mahali pa kukiweka: chini kuliko uso wa maji ya tangi, ukitumia pampu. Kikiwa juu, maji yakishaanza kuteremka ndani ya mpira hayakomi pampu ikizimwa. Yanaendelea mpaka chombo kikauke. Hata kikiwa chini, ncha ya mpira kwenye tangi iwe juu ya uso wa maji, isizame. Ikizama, pampu inapozima maji ya tangi yatarudi kinyumenyume kwenye ndoo.

1. Ndoo ya lita 20 ya chakula

Hiki ndicho chaguo langu la kwanza kwa karibu kila mtu. Ni ile ndoo ya mafuta ya kupikia, ya mayonezi au ya asali, inayotoka hotelini na kwenye bekari. Mdomo wake ni mpana, mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Utaona thamani ya hilo baada ya miezi miwili, kwani chombo chochote cha maji hujenga utelezi ukutani, na usipoweza kusugua kwa mkono hautatoka. Inaingia kwenye makabati mengi ya matangi, ina mpini, na ikijaa ni kilo 20 tu, uzito ambao mtu mmoja anauhamisha bila msaada.

Yangu niliinunua Gikomba kwa shilingi 350 pamoja na kifuniko. Nilimuuliza mama aliyekuwa akiuza, "Mama, hii ilikuwa na nini?" Akaifungua akanisogezea usoni. "Mafuta ya kupikia, kastoma wangu. Nusa mwenyewe." Ilinuka mafuta, kweli, na kwangu hilo lilikuwa jambo jema, maana harufu ya chakula unaijua na inaoshwa. Ndoo iliyokaa kando yake ilikuwa safi zaidi kwa macho, nyeupe pee, lakini pembeni mwa ukingo wake kulikuwa na mstari wa rangi ya ukuta. Hiyo usiichukue hata ukipewa bure. Ndoo ya rangi haisafishiki ikatosha kwa samaki.

Kuondoa mafuta kunahitaji subira. Osha kwa maji moto na sabuni kidogo ya vyombo, suuza mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, halafu jaza maji uiache usiku mzima. Asubuhi mulika uso wa maji kwa tochi ukiwa umeinamisha kichwa pembeni. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, rudia. Mimi nilirudia mara tatu. Utando huo ukifika kwenye tangi hutanda juu na kuzuia hewa kuingia majini.

Kwenye kifuniko toboa matundu matatu kwa msumari uliopashwa moto: la mpira, la waya wa pampu na la hewa. Kumbuka lita mbili za chini hazihesabiki, kwa kuwa pampu ikikaribia kukauka huanza kuvuta hewa na inaweza kuungua. Kwa hiyo ndoo ya 20 inakupa 18, ambazo kwa tangi langu ni siku kumi kamili. Ukihitaji zaidi, usikimbilie pipa. Weka ndoo mbili zilizounganishwa chini kwa mpira na viungio vya plastiki, mradi jumla yake isivuke ile sehemu ya kumi.

Asiyependa ndoo ya mtumba anaweza kupata mpya madukani. Kenpoly hutengeneza ndoo zenye vifuniko hapahapa nchini. Hakikisha tu kifuniko kinabana, kwani nyingine vifuniko vyake vinakaa juu tu bila kushika.

2. Kisanduku cha kioo cha kuagiza

Kwa mwenye tangi la bahari hiki ndicho bora, na kingekuwa cha kwanza kwa wote kama si bei yake na muda wa kusubiri. Sababu ni kwamba unakipata kwa kipimo kile kile unachotaka. Kabati la tangi huwa na pengo la ajabu kando ya sampu, labda sentimita 22, ambalo ndoo ya duara haiingii. Kisanduku cha sentimita 30 kwa 20, kimo 35, kinabeba lita 21 na kukaa pale kama kilizaliwa hapo. Kioo hakina harufu wala hakipindi, na kinasafishwa kwa wembe.

Kwa ukubwa huo kioo cha milimita 6 kinatosha. Mwambie fundi mambo mawili kabla hajakata. La kwanza, silikoni iwe ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafuni huwa na dawa hiyo, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. La pili, kingo zisagwe, maana utaingiza mkono humo kila mwezi. Kisha wewe mwenyewe pima mlango wa kabati. Nimeona kisanduku kizuri kikirudishwa kwa fundi kwa sababu kilitosha ndani ya kabati lakini hakikuweza kupita mlangoni.

Kikiletwa kitanuka siki. Hiyo ni silikoni inayokauka. Kiache wiki nzima, kijaze maji juu ya gazeti kavu siku mbili uone kama linalowa, ndipo ukiingize kazini. Kifuniko kiwe cha akriliki au kioo chenye pembe iliyokatwa kwa ajili ya mpira.

3. Mtungi wa lita 20

Kila nyumba Nairobi ina mtungi, na kwa anayenunua maji ya kuchujwa dukani una faida moja kubwa: maji hayamiminwi. Unaupeleka mtupu, unaurudisha umejaa, unahamisha mpira kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Kwa mtu anayeishi gorofa ya nne bila lifti hilo si jambo dogo.

Ubaya wake ni shingo. Pampu nyingi hazipiti, itabidi utafute zile ndogo kabisa za waya wa USB zinazouzwa kwa mafundi wa elektroniki Luthuli Avenue. Na ndani huwezi kusugua. Utikise na mchele mbichi na maji, utelezi mwingi utatoka, lakini pembe za mpini hubaki na wake. Nunua mpya. Ile ya manjano iliyobeba mafuta haisafiki kwenye pembe hizo, na mtungi mweupe wa kiwandani huenda ulibeba asidi au dawa ya kufulia.

4. Chupa ya dispensa ya lita 18.9

Ni nyembamba shingoni kama mtungi, haina mpini mzuri, na inapitisha mwanga wote. Ukiwa nayo tayari itumie ndani ya kabati. Sioni sababu ya kuinunua kwa kazi hii.

Ila chupa ndogo ya lita 5 ina njia yake inayonipendeza sana, hasa kwa tangi dogo la mezani. Ni ile ile ya kinywesheo cha kuku. Unaigeuza kichwa chini, mdomo ukigusa uso wa maji ya tangi, ukiishikilia kwa kishikio imara. Maji yakishuka chini ya mdomo hewa inaingia, chupa inatoa kidogo, maji yanapanda, mdomo unazibwa tena. Hakuna pampu, wala sensa, wala stima. Chupa kubwa usiitumie hivyo: ni kilo 19 juu ya ukingo wa kioo, na hewa iliyomo ikipata joto la mchana hutanuka na kusukuma maji nje yasipohitajika.

5. Pipa, au tangi dogo la plastiki

Pipa la bluu na matangi madogo meusi ya Kentank au Roto ni vyombo imara sana. Nina moja la lita 100 kwenye balkoni hadi leo. Lakini halijaunganishwa na akwariamu kwa mpira wowote, na hapo ndipo ninapopaweka mkazo. Kazi yake ni kuhifadhi maji siku zile mfereji unatoka, kwa kuwa mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Ninalijaza, naweka jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu, ndani usiku kucha klorini itoke, na kutoka humo najaza ndoo ya tangi la maji baridi kila wiki. Anayeweza kuliunganisha moja kwa moja ni mwenye mfumo wa lita 1,000 na kuendelea.

6. Sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo

Linavutia kwa sababu lina pembe nne, lina kifuniko na linauzwa kila supamaketi. Limetengenezwa kubeba nguo. Likijaa maji kuta hutoka tumbo, kifuniko kinaachia pande mbili, na baada ya miezi kadhaa mpasuko huanzia kwenye kona ya chini. Liache.

Maji ya kutia humo

Maji ya mfereji ya Nairobi mengi hutoka milima ya Aberdare, kupitia mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, na ni maji laini yaliyotiwa klorini. Kwa samaki wa maji baridi yanafaa yakishatolewa klorini. Samaki aina ya sikilidi wa Ziwa Malawi wanaopenda maji magumu hawatalalamika hata yakijikusanya chokaa kidogo. Maji ya kisima ni habari nyingine. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na kwa kuwa floridi haipai, kila ndoo unayojazia inaongeza juu ya iliyopo. Kama ploti yenu inatumia kisima, jazia kwa maji ya kuchujwa.

Kwa samaki wa bahari tumia maji ya kuchujwa tu, yale ya mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na madini. Vibanda vya kujaza maji viko karibu kila mtaa, lakini vingine hurudisha madini baada ya kuchuja ili maji yawe na ladha. Uliza, halafu nenda na kipima TDS chako mfukoni, kile cha kuonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini. Kikisoma namba iliyo mbali na sifuri, nenda kibanda kinachofuata.

Kabla hujasafiri

Chagua Jumamosi uko nyumbani. Jaza chombo hadi juu, tandaza taulo, kisha shikilia boya chini kwa kidole, au lifunge na mpira wa pesa, uache pampu imalize chombo chote. Pampu ya lita 100 kwa saa itamaliza ndoo kwa kama dakika 12. Kwa tangi la bahari fanya jaribio hili siku ya kubadilisha maji, na kwenye ndoo tia maji ya chumvi badala ya maji baridi, ili chumvi isishuke. Angalia maji yanaposimama. Mwenye sampu azime pia pampu kubwa mwishoni, kama stima ilivyopotea, aone kama bado yanatosha ndani.

Baada ya hapo nunua swichi ya saa ya kuchomeka ukutani, inayowasha na kuzima stima kwa saa ulizopanga, uiwekee pampu ya kujazia dakika chache tu asubuhi na chache jioni, kiasi cha kurudisha maji ya siku moja. Konokono akipanda tena, hatapata zaidi ya dakika hizo. Na pale maji yaliposimama siku ya jaribio, bandika selotepu nyingine. Mimi yangu ni nyekundu, na kabla ya kufunga mlango nikienda ushago huwa nainama kuitazama.